Mstari wa Chaki Kwenye Gauni Jeupe

Kila nikitoka shule nilikuwa napitia kwanza kwa mama mkubwa, mtaa wa pili, namsalimia, ndipo naenda nyumbani. Mama na huyo dada yake wote ni mafundi cherehani. Hununua uzi duka moja na hukohoa kikohozi kile kile, lakini walikuwa na miaka saba hawajasemezana. Nilizoea kwenda huku na huku kati yao, ingawa hakuna aliyewahi kunituma salamu.

Nyumbani naitwa Kifungo kwa sababu ya udogo wangu, na jina hilo lilinifuata hadi shuleni. Mwalimu wa maigizo alipotuambia tutunge igizo jipya kutokana na kisa cha kweli cha familia, wenzangu walichagua changu. Zamani mama na mama mkubwa walishona pamoja katika chumba kimoja. Mama mkubwa alichora mistari kwenye kitambaa kwa chaki, mama akakata kwa mkasi. Siku moja kitambaa cheupe cha gauni la bibi harusi kilikatwa shibiri nzima ndani ya vipimo. Kitambaa kingine kama kile hakikupatikana, na harusi ilikuwa keshokutwa. Wakagombana, wakatengana.

"Nilikata palipochorwa," mama aliniambia nilipomuuliza. "Yeye ndiye aliyekosea, akaona haya kukiri."

"Sikuchora pale hata kidogo," alisema mama mkubwa. "Mama yako alikata huku akili iko kwingine, kisha akanitupia mimi lawama."

Niliyaandika maneno ya wote wawili kwenye daftari, nikayasoma mpaka kichwa kikaniuma. Mama hasemi uongo. Mama mkubwa hasemi uongo. Sasa gauni lilijikata lenyewe?

Mwalimu hakuumiza kichwa. "Igizo lazima liishe," alisema. "Mwenye chaki atakiri kosa, mwenye mkasi atamsamehe, tufunge pazia." Mimi nikapewa kuigiza mwenye chaki. Mwenye mkasi alikuwa rafiki yangu Kasuku, ambaye hukariri maneno ya kila mtu na kuyasema hata yasipomhusu.

Wiki ya mwisho ya mazoezi nilichora vibaya kwenye shuka tuliyoitumia kama kitambaa. Nikaufuta mstari kwa kiganja ili nichore upya. Kiganja kilijaa chaki ya buluu, na papo hapo nikajiona niko kwingine: nimepiga magoti juu ya kiti cha cherehani, kitambaa cheupe kimefunika meza nzima, chumbani hamna mtu. Ninafuta mstari mrefu kama nilivyomwona mama mkubwa akifanya, kisha nachora wangu. Nafurahi sana.

"Sema, 'Dada, mstari huu sio,'" Kasuku alininong'oneza, mara tatu. Nilikuwa bado nakitazama kiganja changu.

Je, nilikumbuka kweli, au mazoezi ndiyo yaliyonitia mambo hayo kichwani? Gauni lilipokatwa nilikuwa na miaka minne tu. Nikamfuata mwalimu.

"Mwalimu, mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikutokea?"

"Anaweza sana," alijibu huku akikunja shuka. "Hasa mwigizaji."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Asubuhi niliamini kuwa ni mimi. Mchana niliamini nimejitungia. Mara mbili nilifungua mdomo mezani ili nimwambie mama, na mara mbili nikaishia kuomba chumvi. Niliogopa. Kama ni kweli, mimi ndiye niliyewatenganisha. Kama si kweli, nitawavuruga bure, na wanaweza kuzidi kuchukiana.

Ijumaa alasiri ukumbi wa shule ulijaa. Nilikuwa nimewaalika wote wawili bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake atakuja. Mama alikaa karibu na mlango, mama mkubwa karibu na dirisha, kila mmoja akitazama mbele kama mwenye shingo iliyokaza. Tukafika mahali ambapo mwenye chaki anapiga magoti na kusema, "Dada, nilikosea mimi, nisamehe." Nilipopiga magoti nilimwona mama akiitikia kwa kichwa, kama anayesema, si niliwaambia? Mama mkubwa akachukua mkoba wake ili aondoke. Roho iliniuma. Ningewezaje kumtwika kosa ambalo huenda lilikuwa langu?

"Dada," nilisema, "mstari ule sikuuchora mimi. Aliuchora mtoto."

Kasuku akakodoa macho. "Mtoto gani? Igizo letu halina mtoto!" Watu wakacheka.

Nikaacha kuigiza. "Mama, mama mkubwa, nadhani ni mimi. Nakumbuka nikifuta mstari na kuchora mwingine. Sina hakika. Labda nimejitungia, lakini ndivyo ninavyokumbuka." Nikalia mbele ya watu wote.

Mama mkubwa alikuwa amesimama na mkoba wake.

"Siku ile nilimwosha huyu mtoto mdomo," alisema bila kumtazama mtu. "Ulimi wake ulikuwa wa buluu. Nikadhani amekula peremende."

"Mstari ulipinda," mama akajibu kutoka mlangoni. "Nikasema, dada leo kaja na mtindo mpya wa kiuno."

Mama akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Wakakutana katikati ya viti. Mwalimu alibaki ameshika kamba ya pazia, hajui avute au aache.

Watu walipoondoka niliwaendea. "Nisameheni. Miaka saba yote, kwa sababu yangu."

Mama mkubwa akanifuta machozi. "Hapana, mwanangu. Mtoto wa miaka minne akichezea chaki, haombi radhi. Sisi ndio tulioiacha mezani. Kosa ni letu. Mimi nilisema kweli, mama yako alisema kweli, na hakuna aliyekubali kwamba mwenzake naye anaweza kuwa mkweli. Wewe umesema unachokumbuka, na ukasema pia kwamba huna hakika. Huo ndio ukweli mzima. Sisi watu wazima tulikuwa na hakika kupita kiasi."

Mama akamshika mkono. "Nisamehe, dada."

"Nilikusamehe mwaka ule wa kwanza," alisema mama mkubwa. "Nikakaa nasubiri uje uniombe. Nisamehe na wewe, kwa hiyo miaka sita niliyosubiri."