Therese wa Nyakasimbi

Jina la Therese lilionekana mara mbili.

Placidia alisogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta. Kazi yake katika ofisi ya mradi wa kahawa pale Kayanga, mwaka ule wa 1999, ilikuwa kuitunza seva: kuona nani kaingia, kwa mashine ipi, na kumtoa aliyesahau kutoka. Therese wa kwanza alikuwa chumba hiki hiki, meza ya dirishani. Wa pili alikuwa kaingia kutokea kituo cha Nyakasimbi, kilichounganishwa na seva kwa redio.

"Dada Therese, nenosiri lako umempa Gosbert?"

"Sijampa mtu. Kwani vipi?"

Placidia akamwita Gosbert, mlinzi wa kituo kile, kwa redio ya upepo. Gosbert akasema chumba cha kompyuta kimefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Alikwenda kuhakikisha. Aliporudi hewani alikuwa akinong'ona.

"Waitu, dada yangu, humo ndani kuna mtu anachapa. Na kunanuka udongo mbichi, kama kaburi limefukuliwa."

Placidia akafungua dirisha la kutazama kazi ya mtumiaji. Herufi zilijiandika moja moja: *Mbona kuna baridi hivi?*

"Mbona kuna baridi hivi?" akasema Therese nyuma yake.

Kabla Placidia hajageuka, ile harufu ya udongo ikawa imekwisha kuingia chumbani, ikapanda kutoka sakafuni, ikamkaa kooni, huku kiooni maneno yakiendelea kujipanga, na Therese, aliyekuwa amesimama sasa, akiyasema yote baada ya kuandikwa, machozi yakimtiririka, kama mtu anayevutwa ulimi.

*Mtoe, mdogo wangu. Mtoe kabla hajaingia.*

"Mtoe, mdogo wangu," Therese akalia. "Mtoe kabla hajaingia!"

Placidia akarudi kwenye orodha ya walioingia, akachagua mstari wa Nyakasimbi, akabonyeza. Kufumba na kufumbua, kidole kingali kinashuka, orodha ikaruka na mistari miwili ikabadilishana nafasi.

Likabaki jina moja. Harufu ikakatika.

"Ahsante," akasema Therese. Machozi yalikuwa yamekauka. Akarudi mezani, akaendelea kuchapa.

Placidia hakuthubutu kuangalia ni yupi aliyebaki.

Adhuhuri, kama kawaida, mama mkwe wake Therese, Evangelina, alileta mtoto anyonye. Therese akampokea, akampakata. Mtoto akamnusa, akajipinda mgongo, akapiga yowe hadi sauti ikamkauka.

"Yesu wangu! Tangu lini mtoto akamkataa mamaye?" Evangelina akanong'ona.

Therese alikuwa akimtazama Placidia, akitabasamu.

Redio ya upepo ikakwaruza.

"Placidia," ilikuwa sauti ya Gosbert, "nimefungua mlango. Dada Therese yuko huku. Analia, anauliza mwanawe ananyonyeshwa na nani."