Nauli ya Wawili

Kijana mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka, alikuwa amesimama kwenye geti la kituo cha mabasi akiionyesha mashine noti. Foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kusonya.

"Kaka, hiyo haili noti," msusi mmoja nyuma yake alimwambia. Alikuwa na gauni la maua na haraka zake. "Hapa ni kadi tu."

"Dada yangu, mjini nimeingia leo. Kadi nitaitoa wapi?"

Msusi akagusisha kadi yake, akagusisha tena, wakapita wote. Ndani ya basi akajua kijana ni fundi cherehani, na ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Mapenzi yao hayakuchelewa. Fundi akawa anamwita "roho yangu" mbele za watu, naye msusi akampa kadi yake ya pili, iliyosajiliwa kwa simu yake mwenyewe. Fundi akipanda basi tu, ujumbe unaingia kwa msusi. Hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa.

"Umelipa nauli ya abiria wawili." Wawili! Kesho yake wawili, asubuhi na jioni. Akasuka kwa hasira mpaka mteja akapiga kelele.

"Shoga, hicho kichwa, si kamba!"

"Nisamehe. Kuna mtu natamani kumng'oa."

Mtu huyo alishamchagua: binti anayeshona vifungo karibu na fundi, mwenye kucheka kwa meno yote. Hakuwahi kusikia neno baya juu yake, lakini wivu haungoji shahidi.

Jioni akapiga simu. "Uko na nani?"

"Peke yangu, roho yangu. Ndiyo naingia getini."

Ujumbe ukaingia hapo hapo: wawili.

"Mwongo mkubwa we! Huyo mwenzako na akulipie yeye!" Akakata simu, akalia kwenye taulo za wateja.

Siku iliyofuata alijibanza nyuma ya nguzo ya kituo, mtandio usoni. Fundi akaja, peke yake, macho mekundu. Akagusisha kadi, taa ikawa kijani. Akagusisha tena, ndipo akapita.

Msusi akachomoka. "We! Mbona unagusisha mara mbili?"

"Si ndivyo watu wanavyolipa? Wewe siku ile uligusisha mara mbili."

"Ya pili ilikuwa yako, mjinga wangu! Na simu yangu kila siku inaniambia mko wawili!" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Fundi hakucheka. "Kumbe siku zote hizi unanichunguza kwenye simu. Kuniuliza ulishindwa nini?" Akamrudishia kadi juu ya geti. "Chukua. Nitanunua yangu."

"Sasa nitajuaje uko wapi?"

"Hutajua." Akapanda basi, hakugeuka nyuma.

Kesho yake simu ya msusi ilikaa kimya kutwa. Jioni uvumilivu ukamwishia, akapiga. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Nisamehe," akasema. "Wivu ulinipanda kichwani. Nakupenda mpaka naogopa. Usiniache."

Cherehani za kazini kwa fundi zikasikika. Karibu kabisa na simu yake, mwanamke akacheka.

Swali likamfika msusi kooni: huyo nani? Lilikuwa chungu kama shubiri. Akalimeza.

"Umekula?" akauliza.

Fundi akashusha pumzi. Kisha akamwita jina ambalo hakuwahi kumwita kabla ya siku hiyo.

"Bado, mke wangu. Nakuja tule."