Mtoto wa Kinyozi Hapigi Jamvi

Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, kinyozi mmoja alikuwa akifagia nywele zilizobaki jana, na binti yake amelala kifudifudi katikati ya sakafu, mikono kaificha chini ya kifua, shingo kaivuta ndani ya kola.

"Baba, nigeuze! Mimi ni kobe. Ukinigeuza umenishinda."

"Kobe gani analala kwenye nywele za watu? Inuka, mama yako atanisema mimi."

"Nigeuze kwanza!"

Kinyozi akaweka ufagio kando, akamgeuza. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa, akapiga sakafu kwa kiganja mara mbili, pa pa, na baba akamwachia hapo hapo.

"Tena!" akasema mtoto.

Wazazi wenzangu, iwekeni moyoni asubuhi hiyo, maana nyingine kama hiyo haikuja.

Binti alikuwa na miaka tisa. Mtaani walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akisukwa, hata usingizini alikuwa na la kusema. Na baba yake alikuwa mtu mwema, tusimwonee. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mteja akikunja kope tu, wembe umeshainuka. Wazee wenye ngozi laini waliwapita vinyozi watatu njiani ili wanyolewe na yeye. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda sifa kama mtoto anavyopenda sukari. Tena utotoni alikuwa mwembamba, akipigwa na wenzake kila siku ya shule, na aliapa kwamba mtoto wake hataonewa na mtu. Ndiyo maana alimwandikisha kwenye darasa la judo pale ukumbi wa mtaa.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mama wa makamo, mnene, mcheshi, ambaye watoto walimwita Mwalimu Kobe kwa sababu ya mchezo aliowafundisha siku ya kwanza. Kwake kila fundisho lilikuwa mchezo. Kujifunza kuponyoka, walicheza kobe. Kujifunza wepesi wa miguu, kila mmoja alichomeka kitambaa kiunoni kama mkia, wakafukuzana kunyang'anyana mikia. Na juu ya yote kulikuwa na kupiga jamvi. Ukibanwa ukaona huwezi tena, unapiga jamvi mara mbili, mwenzako anakuachia papo hapo, mnapeana mikono, na wote wawili mnapaza sauti: "Tena!" Aliyepiga mapema hakuumia, naye ndiye aliyepata kucheza zaidi. Hapakuwa na mtoto aliyeona haya, na katika miaka yote ya darasa lile hakuna aliyerudi nyumbani anachechemea.

Sasa sikilizeni jinsi neno moja la mzaha linavyoweza kubomoa nyumba.

Mchana wa Jumamosi ile ile, dereva mmoja wa lori alikuwa kitini, povu limejaa mashavuni.

"Kinyozi, nimepita ukumbini," akasema. "Nimechungulia dirishani. Watoto wanakimbizana na mikia! Ile ni judo au chekechea?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Na huyo Chiriku wako," akaendelea, "kashikwa kidogo tu, pa pa, amesalimu amri. Halafu anacheka! Mtoto wa dada yangu ana vikombe viwili kabatini. Huyo hasalimu amri hata umkalie."

Kinyozi alicheka pamoja nao, lakini kicheko hakikushuka kooni. Wiki iliyofuata alifunga duka mapema akaenda kujionea. Akamkuta binti yake chini ya msichana mwenzake, akipiga jamvi na kucheka.

Jioni akamwambia, "Kuanzia leo, mtoto wa kinyozi hapigi jamvi. Kupiga jamvi ni kushindwa. Umenielewa?"

"Lakini baba, ndiyo mchezo wenyewe."

"Mimi sikukupeleka kule ukacheze."

Hakumchapa, hakumtukana. Adhabu yake ilikuwa ya kimyakimya, na labda ndiyo maana hakuiona kuwa ni adhabu. Kila alipopata habari kwamba Chiriku amepiga jamvi, alimnunia mpaka jioni. Mtoto angesema "Baba, leo shuleni," naye anageuza uso, anajifanya ananoa wembe. Hebu fikirini, mtoto kama yule, maneno yamemjaa kifuani, hana pa kuyaweka. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameacha kupiga jamvi.

Mwalimu ndiye aliyegundua kwanza. Akaja dukani, akasimama mlangoni.

"Baba Chiriku, nina neno na wewe. Tutoke nje kidogo."

"Sema hapa hapa, Mwalimu. Hawa ni watu wangu."

"Haya. Jana mwenzake alimlalia kifuani mpaka macho yakamtoka, na mkono wake umelala pale kama si wake. Mimi ndiye niliyewatenganisha. Nikamuuliza, mbona hupigi jamvi? Akaniambia, nikipiga jamvi baba haongei na mimi."

Dereva wa lori, aliyekuwa benchini, akakohoa. Kinyozi aliona aibu, na kwa mtu mpenda sifa, aibu na hasira hulala kitanda kimoja.

"Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi. Unawalea watoto kwa vicheko, kesho watacheka wakipigwa?"

"Kumkunja, sawa. Wewe utamvunja. Mtoto wa miaka tisa hajui nguvu za mwili wake zinaishia wapi. Ndiyo maana nimeligeuza neno la "inatosha" kuwa mchezo, aliseme bila kuona haya. Ukimnyang'anya hilo, atasemaje kwamba anaumia?"

"Basi usihangaike naye tena. Nitamfundisha mwenyewe."

"Hapo sasa umenena!" dereva akadakia.

Tangu siku hiyo Chiriku hakwenda tena ukumbini. Jumapili mchana baba alisogeza viti vya sebuleni, akatandika jamvi, akafungua simu na kuangalia video za watu wazima wakipigana. Huko ndiko alikojifunza kumlaza mtu chali, kuupitisha mkono wake katikati ya mapaja ya anayembana na kuuvuta mpaka kiwiko kinyooke kupita kiasi. Mwalimu Kobe hakuwahi kumfundisha mtoto yeyote jambo hilo, na hangelifundisha hata kwa dawa.

Jumapili ya nne alimwalika dereva aje aone. Mama Chiriku, ambaye ni dobi, alikuwa uani akianika mashuka ya watu.

"Tazama mtoto anavyovumilia," kinyozi akasema, akamlaza binti yake, akaushika mkono wa kulia. Akauvuta kidogo. "Vipi, mwanangu?"

"Bado," akasema Chiriku.

"Unaona!" Akavuta zaidi. "Na sasa?"

"Bado, baba."

"Duh," akasema dereva. "Huyu chuma kweli."

Kinyozi akamwangalia dereva, akatabasamu. Alikuwa akimtazama yeye, jamani, hakuwa akimtazama mtoto. Mtu aliyejua kusoma kope za mteja hakuona mdomo wa binti yake ukitetemeka. Akavuta tena, na kitu kikalia ndani ya mkono ule kama kijiti kinachovunjwa kuwashia moto.

Chiriku hakupiga kelele. Uso ulikuwa umempauka, jasho linamtoka, mkono umekaa mkao ambao mkono haukai. Alimtazama baba yake, akasema kwa sauti ndogo:

"Baba, sijapiga jamvi."

Mama aliingia mbio na shuka bado begani. Dereva akasema anakwenda kuwasha gari, akawafikisha hospitali, akaondoka kabla hajaulizwa. Siku hizi ananyolewa kwingine.

Daktari alisema kiwiko kimetoka, mfupa umepasuka na mshipa wa fahamu umejeruhiwa. Walimpasua, wakamfunga, wakamfungua. Vidole viwili vya mwisho havikupata hisia tena. Mkono ulibaki umepinda, na daktari hakuficha: kunyooka sawasawa, hautanyooka.

Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa aliyekataa kusikia ni baba, na aliyevunjika ni mtoto.

Nyumbani, kinyozi alitamani mkewe amgombeze, naye hakumgombeza. Siku moja tu alisema, akiwa anakunja nguo:

"Nilikuwa namwona anavyonuniwa. Nikajiambia ni mambo ya baba na bintiye, yatapita. Kwa hiyo na mimi nimo."

Na Chiriku? Wengi walidhani huzuni ya nyumba ile ilikuwa mkono. Haikuwa mkono. Ulikuwa ule ukimya. Mtoto alijibu akiulizwa, "ndiyo," "hapana," "asante," basi. Akiwa na homa hasemi. Kiatu kikimbana hasemi, mpaka mama aone malengelenge.

Kila Jumanne kinyozi alimpeleka hospitali kunyooshwa mkono. Jumanne moja muuguzi wa mazoezi alimkalisha mezani, akaushika mkono taratibu.

"Ukiumia useme, mrembo. Nitaacha."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Muuguzi akasukuma. Kimya. Akasukuma tena, akidhani mkono umeanza kulegea. Kimya. Safari hii kinyozi alikuwa akimtazama mtoto. Akaona kope zikikunjika, mdomo ukitetemeka, jasho dogo juu ya nyusi. Akangoja aseme. Hakusema. Angekaa vile mpaka mkono uvunjike mara ya pili.

Kinyozi akapiga meza kwa kiganja mara mbili, pa pa.

"Mwachie! Inatosha, dada, mwachie!"

Muuguzi akaachia, ameduwaa. Chiriku akamgeukia baba yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aliuliza swali.

"Baba, umepiga jamvi?"

"Nimepiga, mwanangu. Nimeshindwa."

Mtoto akauliza tena:

"Sasa nisiongee na wewe mpaka jioni?"

Kinyozi alipiga magoti pale sakafuni mbele ya watu, akalia bila kujificha. "Ongea, mama. Ongea na mimi, tafadhali. Ongea chochote, mpaka unichoshe."

Chiriku akamfuta shavu kwa mkono wa kushoto.

"Sina la kusema, baba," akamwambia.

FUNZO

Wazazi wenzangu, na walimu, na ninyi mnaokaa kwenye mabenchi ya vinyozi mkitania watoto wa watu: mchezo wa mtoto si upuuzi. Ndani ya kicheko kile Mwalimu Kobe alikuwa ameficha kinga, na baba akaitupa kwa sababu ilikuja na kicheko. Mfundishe mwanao ujasiri, mpeleke akajifunze kujilinda, lakini umwache acheke akijifunza, na akisema inatosha, mshukuru kwamba bado anakuambia. Wala usidhani humdhuru kwa kuwa hujashika fimbo. Kununa nako ni fimbo.

Kinyozi bado ana duka lake, na mkono wake bado ni mwepesi. Jumamosi asubuhi hufagia peke yake. Binti huketi kwenye benchi, mkono uliopinda ameupakata, naye baba humwuliza kila mara kama anataka kucheza kobe. Chiriku husema asante, na hapana.