Msamaha Uliokaa Mfukoni

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, soko la simu halipitiki. Watu walibanana mbele ya vibanda, spika zikigombana kwa muziki, na fundi wa kibanda cha kona, mwanamke mwenye koti la bluu na nywele alizozifunga juu zisimwangukie kazini, hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Ndipo mwanamume mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri kupita kiasi, akamwekea mezani simu iliyopasuka kioo.

"Umeipiga na nyundo?" fundi aliuliza.

"Imeanguka ngazini."

"Ngazi zote, au ulichagua?"

Mwanamume alicheka, na fundi alikipenda kile kicheko papo hapo. Kioo kipya kilipokaa sawa, tayari walikuwa wamepeana namba, eti kwa ajili ya dhamana. Jioni mwanamume alipiga.

"Kioo kina tatizo?"

"Hakina. Nilitaka kukuambia kwamba hakina."

Kesho yake fundi alikuwa kanisani, benchi la nyuma, mchungaji mpya alipopanda madhabahuni. Alikuwa yule yule wa kioo. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Benchi lile lilikuwa la watu waliowekwa chini ya nidhamu: wanasali, wanaimba, sadaka yao inapokelewa bila kinyongo, lakini hawasogelei Meza ya Bwana. Yeye aliwekwa pale kwa kuishi na mwanamume bila ndoa. Mwanamume mwenyewe alishakwenda zake, akamwachia benchi.

Alidhani simu zitakoma. Hazikukoma.

"Umeniona nilipokaa?" alimuuliza jioni.

"Nimekuona. Nimekosea hata mstari wa kusoma."

"Basi unajua mimi ni nani."

"Najua wewe ni fundi wangu. Mengine utaniambia ukipenda."

Alimwambia yote, bila kujipamba. Mapenzi yakakua simuni, mahali ambapo wazee wa kanisa hawana macho. Hatimaye fundi akamfuata ofisini, mlango ukiwa wazi, akaomba kama waumini wengine wanavyoomba.

"Mchungaji, nataka kurudi kundini. Nimetubu. Na nimechoka kuwatazama wenzangu wakienda mezani, mimi nikibaki nimewashikia pochi."

Mchungaji aliahidi kulipeleka ombi kwenye kikao cha wazee. Kikao kikapita, na kingine kikapita. Kila akiulizwa, alijibu, "Vumilia kidogo, mpenzi." Fundi akavumilia, maana mvumilivu hula mbivu, ingawa yeye alianza kuona tunda lenyewe halipo mtini.

Aliyemfumbua macho ni shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, na ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa.

"Hivi wewe hutaki kurudi?" shangazi alimuuliza huku akichambua mchele. "Mbona huombi?"

"Niliomba, shangazi. Zamani."

"Kwetu halijafika neno."

Fundi aliaga, akatoka. Kumbe mchungaji alimpenda kwenye simu tu, kwenye mwanga akamwonea haya. Hakutaka hata kumuuliza. Aliizuia namba yake, akalia, akaosha uso, akarudi kibandani.

Siku chache baadaye mchungaji akatokea sokoni, na safari hii shati halikupigwa pasi.

"Simu yangu haikupati."

"Simu yako nzima. Mimi ndiye niliyekufungia. Ombi langu liko wapi?"

Mchungaji aliinamisha kichwa. "Ninalo mimi. Nakupenda. Nikikurudisha mimi, kisha nikakuoa, watasema mchungaji alimsafisha mwanamke wake. Msamaha wako ungetiwa doa maisha yako yote. Nikaona ningoje mpaka nijue la kufanya."

"Ukaona wewe. Mimi hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Shangazi yangu, jambo langu likiletwa, atatoka nje, wenzake waamue. Ndivyo wanavyofanya siku zote. Wewe hukuuona mlango?"

Mchungaji alihamishia macho kwenye vioo vya mezani.

"Msamaha si mali yako," fundi alisema. "Ulipewa uupitishe tu, ukauweka mfukoni. Mimi nikakaa pale nyuma nikidhani Mungu bado anafikiria."

Mchungaji aliondoka bila kujitetea. Kikao kilipofika aliwaeleza wazee kila kitu, mapenzi na ombi alilolikalia, kisha akatoka nje bila kuambiwa. Shangazi alimfuata barazani, na ndiye aliyekuja kusimulia nyumbani.

"Nikamwambia, unaona, mwanangu? Mlango hauumi. Maskini, alikuwa analia."

Wazee walikubali fundi arudi. Habari za mchungaji wakazipeleka kwa mkubwa wake, naye hakumung'unya maneno: anayezuia msamaha ulioombwa naye ana la kutubu. Akamwondoa madhabahuni kwa muda, akamweka benchi la nyuma.

Jumapili ya kurudi kwake fundi alivaa gauni la kijani la shangazi, lililopunguzwa kiuno. Mchungaji mstaafu aliyeletwa kushika nafasi alimwita mbele, akawauliza waumini kama wanampokea. "Tunampokea," kanisa lilijibu, na sauti ya shangazi ikawazidi wote. Fundi alisogea mezani, akapewa mkate, akaula huku machozi yakimtiririka. Alikuwa na furaha kuliko alivyotarajia.

Shangazi alikuwa amemwekea nafasi mbele. Fundi aliipita, akatembea katikati ya kanisa mpaka nyuma kabisa, akaketi kando ya yule wa kioo. Shingo zote ziligeuka.

"Hapa si mahali pako tena," mchungaji alinong'ona.

"Najua. Leo nimekuja kwa hiari yangu."

"Umenisamehe?"

"Tangu siku uliyotoka nje ya kikao."

Mchungaji alipekua kitabu cha nyimbo bila kukisoma. "Basi nina ombi jingine. Nataka kukuoa. Usinijibu sasa. Fikiri, hata mpaka adhabu yangu iishe."

"Najua kungoja kunavyouma," fundi alisema, akamshika mkono mbele ya macho yale yote. "Ndiyo. Nimekubali."