Bupe, Kuku wa Zambarau na Ndege Mnene

Bupe anaishi Tukuyu. Huko mvua hunyesha sana.

Ta-ta-ta-ta, mvua juu ya bati.

Sebuleni kwao kuna meza. Juu ya meza kuna kompyuta ya zamani, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama.

Na ndani ya kompyuta kuna kuku.

Ni kuku wa zambarau. Bupe alimchora mwenyewe kwa kipanya cha kompyuta, unyoya mmoja mmoja.

"Hakuna kuku wa zambarau," alisema dada yake, Tumpe.

"Yupo," alisema Bupe. "Si huyu hapa?"

Kila jioni Mama aliwasha kompyuta. Bupe alimsalimia kuku wake, kisha akaenda kula.

Lakini kompyuta ilianza kuchelewa.

Vrrr... vrrr... Bupe alimaliza uji. Kompyuta haijafunguka.

Vrrr... vrrr... Bupe aliosha kikombe. Kompyuta haijafunguka.

Siku moja ikafanya vrrr... vrrr... puu!

Kioo kikawa cheusi.

"Imechoka," alisema Mama. "Nitamwita Fundi Tusa. Akishindwa, tutampa mtu wa vyuma chakavu."

Bupe aliweka sikio kwenye kompyuta. Alisikiliza.

Kuku hakulia.

*

Kesho yake Fundi Tusa alikuja. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua na amebeba begi mgongoni.

"Shikamoo, anti," alisema Bupe. Macho yake yalikuwa kwenye begi.

"Marahaba, Bupe. Hujambo?"

"Sijambo. Humo kuna nini?"

"Bupe!" alisema Mama. "Mgeni hajakaa hata kidogo!"

Fundi Tusa alicheka. Alifungua begi akatoa kitu kidogo, kidogo kama kidole cha Bupe.

"Hii ni flashi," alisema. "Ndani yake kuna dawa ya kompyuta."

Bupe alisogea. Juu ya flashi palikuwa na picha ya ndege.

Mgongo mweusi. Tumbo jeupe. Mdomo wa njano.

"Ndege gani huyu?" aliuliza Bupe.

"Anaitwa pengwini. Anaishi mbali, kwenye barafu."

"Mbona mnene?"

"Ndivyo alivyo."

"Amekula nini?"

"Samaki, nadhani."

Bupe alimtazama ndege. Ndege alikuwa amekaa tu, ametulia.

Mwewe naye hutulia hivyo hivyo juu ya mti. Halafu anashuka, swaaa! Kifaranga hayupo.

Bupe anamjua mwewe. Kazi ya Bupe nyumbani ni kulinda vifaranga.

Alikaza macho.

"Hmm," alisema. "Nakuona, wewe ndege. Nakuona."

*

Fundi Tusa aligonga kompyuta kwa kidole. Ko, ko.

"Hii haijafa," alisema. "Imebebeshwa mzigo tu. Ni kama bibi kizee aliyetwishwa gunia la viazi."

"Gunia liko wapi?" aliuliza Bupe.

"Halionekani. Liko ndani."

Bupe alichungulia nyuma ya kompyuta. Aliona vumbi na buibui mmoja.

"Kila kompyuta ina mfumo wa kuiendesha," alisema Fundi Tusa. "Mfumo huu wa sasa ni mzito. Nitautoa. Nitaweka mwingine mwepesi, unaitwa Linux. Gunia tunashusha, tunampa bibi kikapu."

"Na huyu ndege?"

"Huyu ndiye alama yake. Ukimwona, ujue Linux imefika."

"Anaingia ndani ya kompyuta?"

"Anaingia."

Bupe alikaza macho tena.

"Hmm. Nakuona, wewe ndege. Nakuona."

Fundi Tusa alimgeukia Mama. "Mama Tumpe, kuna kitu humu cha kutunza? Nikiweka mfumo mpya, vya zamani vyote vinafutika."

"Hakuna kitu," alisema Mama. "Barua zangu nilishazichapisha. Wewe futa tu."

Futa!

Bupe anajua kufuta. Shuleni mwalimu hufuta ubao. Alichokiandika hakionekani tena.

Alifungua mdomo. Lakini Mama alikuwa ameshamshika mgeni mkono.

"Kwanza tule," alisema Mama. "Mgeni hafanyi kazi na njaa nyumbani kwangu."

"Mama Tumpe, nimekunywa chai."

"Ulikokunywa si kwangu. Twende jikoni, kuna moto na ndizi zimeiva."

Kwao Bupe, mgeni hapingi. Wote wakaenda jikoni.

Wote, isipokuwa Bupe.

*

Bupe alisimama sebuleni. Kompyuta ilikuwa mezani. Flashi ilikuwa kando yake.

Ndege mnene alikuwa ametulia.

Bupe alifikiri. Mwewe akija, watu hufanya nini?

Hufunika vifaranga kwa tenga.

Alikimbia nje. Ta-ta-ta-ta, mvua kichwani. Chapa, chapa, chapa, miguu kwenye tope.

Alilibeba tenga la kuku, kubwa kuliko yeye. Alilivuta mpaka sebuleni.

Alipanda kiti. Akaifunika kompyuta, yote, na kitambaa chake.

Kisha akatafuta jiwe. Tenga bila jiwe, mwewe huliangusha.

Akaweka jiwe juu. Akakaa kitini mbele ya tenga, akakunja mikono.

"Hmm," alisema. "Nakuona, wewe ndege. Nakuona."

*

Mama alirudi wa kwanza. Alisimama mlangoni.

"Jamani! Tenga la kuku juu ya meza yangu?"

Tumpe alichungulia chini ya mkono wa Mama. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kompyuta inaatamia!" alisema. "Subirini, itatotoa simu!"

"Bupe, toa tenga," alisema Mama.

"Sitoi."

"Bupe."

"Sitoi, Mama. Huyu ndege atamla kuku wangu."

"Kuku gani? Kuku wako bandani."

"Si wa bandani." Bupe alilishika tenga. "Wa zambarau. Yumo humu. Na wewe umesema futa."

Mama aligeuka. Alimtazama Fundi Tusa.

"Nilimsahau," alisema. "Kuna kuku kweli. Alimchora mwenyewe."

Tumpe aliacha kucheka.

Fundi Tusa alichuchumaa. Sasa macho yake na macho ya Bupe yalikuwa usawa mmoja.

"Nilikuwa nimebakiza kuchomeka flashi na kubonyeza tu," alisema. "Ningebonyeza, kuku angefutika."

"Mimi nilijua," alisema Bupe.

"Ulijua. Sasa tufanyeje?"

Bupe hakuzoea kuulizwa hivyo na mtu mzima. Alifikiri.

"Ndege asiingie," alisema. "Kwanza kuku atoke."

"Sawa. Lakini kompyuta haifunguki, na sisi tunataka kuku atoke. Basi ndege atufungulie mlango. Asimame pale pale mlangoni, asiguse kitu. Inawezekana."

"Asiguse kitu?"

"Hata unyoya."

Bupe alimtazama fundi. Akamtazama ndege. Akamtazama fundi tena.

"Nitakaa karibu," alisema.

"Kaa."

Bupe alitoa jiwe. Mama alitoa tenga.

*

Fundi Tusa alichomeka flashi. Tik.

Akawasha kompyuta. Vrrr...

Kioo kilikuwa cheusi. Kisha mwanga. Kisha ndege mnene akatokea, tumbo mbele.

Bupe alishika meza kwa mikono miwili.

"Yuko mlangoni?"

"Yuko mlangoni."

Fundi Tusa alifungua mahali pa picha. Bupe aliona harusi ya mjomba. Aliona mbuzi. Aliona Tumpe akiwa mdogo, analia.

"Hiyo ruka," alisema Tumpe.

Hakukuwa na kuku.

"Amemla!" alisema Bupe. Machozi yalikuja. "Nilisema! Ametulia vile vile, na amemla!"

"Subiri," alisema Fundi Tusa. "Ulipomaliza kumchora ulimpa jina gani?"

"Nilikuwa sijui kuandika."

"Ulifanyaje?"

"Nilibonyeza tu. Tu-tu-tu-tu-tu."

"Kitufe kimoja?"

"Kimoja. Kile kinachoteleza."

Fundi Tusa alitafuta. Alishuka chini, chini, chini zaidi.

Akasimama. Palikuwa na picha moja, jina lake herufi ile ile, k, nyingi mpaka mwisho wa mstari.

"Tufungue?"

Bupe alifumba macho. Kisha akafumbua moja.

Kwanza kikaja kichwa. Kisha shingo. Kisha mabawa ya zambarau, unyoya mmoja mmoja. Kisha miguu.

"Yupo!" alisema Bupe.

"Yupo," alisema Mama.

Tumpe alisogea. "Mbona ana miguu mitatu?"

"Wa tatu ni wa kumkimbia mwewe," alisema Bupe.

Fundi Tusa aliitikia kwa kichwa. Hakucheka.

*

Alitoa flashi nyingine kwenye begi. Ilikuwa nyekundu, na haikuwa na ndege.

"Tunamnakili kuku," alisema. "Anaingia humu."

Tik. Kuku akaingia kwenye flashi nyekundu.

"Nionyeshe," alisema Bupe.

Fundi Tusa alimwonyesha.

"Nionyeshe tena."

Akamwonyesha tena. Bupe aliichukua flashi nyekundu na kuifunga kwenye ngumi.

"Sasa unaweza kufuta," alisema.

Fundi Tusa alibonyeza.

Mstari mdogo ulitokea kwenye kioo. Ulitembea polepole, kama konokono ukutani.

Mama alimenya viazi. Tumpe alifagia tope la Bupe.

Bupe hakuondoka. Mkono mmoja ulikuwa umekunja ngumi. Macho yalikuwa kwa ndege.

"Nakuona, wewe ndege. Nakuona."

Mstari ukafika mwisho. Fundi Tusa alichomoa flashi yake. Akaizima kompyuta, akaiwasha tena.

Vrrr. Pi!

Imefunguka.

Bupe aliruka kwenye kiti. "Mbona haraka hivyo?"

"Hakuna gunia tena," alisema Fundi Tusa.

"Izime."

Akaizima.

"Iwashe."

Vrrr. Pi! Imefunguka.

"Hmm," alisema Bupe.

Aliinua ngumi yake. Akaifungua, kidole kimoja kimoja, akampa fundi flashi nyekundu.

"Mrudishe," alisema. "Lakini kwa upole."

Kuku wa zambarau akarudi ndani ya kompyuta. Alijaa kwenye kioo chote, na mabawa yake, na miguu yake yote.

Bupe alimkagua. Alihesabu manyoya kwa kidole mpaka akachoka.

"Hakuna uliotoka," alisema.

"Basi mimi naaga," alisema Fundi Tusa. Alivaa mabuti. "Flashi nyekundu baki nayo, Bupe. Kitu unachokipenda kisikae sehemu moja tu."

"Ahsante, anti."

Alimsindikiza mpaka mlangoni. Huko akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo ndege, kweli anakula samaki?"

"Kweli."

"Samaki tu?"

"Samaki tu."

*

Usiku ulipoingia, Mama aliwafunika blanketi Bupe na Tumpe. Mvua ilikuwa imepungua. Ta... ta... ta...

"Mama," alisema Bupe, "kuku wangu yuko wapi sasa?"

"Yuko kwenye kompyuta."

Bupe alitoa ngumi yake chini ya blanketi. "Na humu?"

"Na humo yumo."

"Yule yule?"

"Yule yule."

Bupe alikaza macho gizani. Alifikiri kwa muda.

"Kuku mmoja hawezi kulala sehemu mbili," alisema. "Basi ninao wawili."

"Basi unao wawili," alisema Mama. "Lala, mwanangu."

Mama akaondoka. Nyumba ikawa kimya.

"Bupe," alinong'ona Tumpe. "Nigawie mmoja."

Bupe aligeuka. "Wa nini?"

"Nimfuge tu."

"Utamlinda?"

"Nitamlinda."

"Na utamsalimia kila jioni?"

"Kila jioni."

"Hmm," alisema Bupe. "Kesho nitakupa."

Akakaza ngumi. Akafumba jicho moja.

Alingoja kidogo, aone kama kuna kitakachotokea.

Hakikutokea kitu.

Akafumba na la pili.