Handaki la Kansas

Haya yalimpata shoga yangu Verna, na Verna hakuwa mtu wa kutunga uongo. Alikuwa akiendesha gari peke yake kutoka Chicago, akimfuata binti yake aliyejifungua huko Colorado. Katikati ya mashamba ya ngano ya Kansas, mchana, mbingu ikageuka kijani na king'ora cha kimbunga kikalia.

Kwetu Kansas handaki la kujifichia kimbunga halitiwi kufuli, maana mpita njia naye ana roho. Verna akakimbilia nyumba ya kwanza aliyoiona, akainua mlango wa handaki uani.

"Shuka, mama!" mzee akaita kutoka gizani. "Au unangoja upepo ukukaribishe kahawa?"

Watu wakacheka. Verna akashuka, akafunga. Giza likawa totoro. Mkono wa baridi ukaushika wake.

"Tuko wangapi humu?" akauliza.

"Pamoja nawe, saba."

Kimbunga kikapita juu yao kikinguruma, mbao zikilia, mtoto akilia, mwanamke akimbembeleza. Kisha kimya.

Verna akausukuma mlango kwa mkono mmoja. Jua likamulika kila pembe: chupa za pichi, vumbi, na nyayo zake tu.

Mkono wake wa pili ulikuwa bado umeshikwa, na ulizidi kubanwa.