Mke wa Maige

Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekaribia, na watu walikuwa wamejaa getini mpaka barabarani. Kina mama walibeba hotipoti vichwani, wanaume walibana chupa za chai kwapani, na kila mmoja alitaka awe wa kwanza kuingia, utadhani wagonjwa wangekimbia. Katikati ya msongamano huo alisimama Shigela na bakuli la mtori wa dada yake aliyejifungua, simu ikimlilia mfukoni. Alikuwa na duka la mabomba ya maji pale Mirongo, na wateja wake walikuwa na kipaji cha kupasukiwa na mabomba kila alipotoka.

Geti likafunguliwa. Watu wakasukumana, chupa ikafunguka, uji wa moto ukammwagikia Shigela kifuani.

"Mungu wangu! Kaka, nisamehe!"

"Umeniunguza, dada."

"Pole jamani. Lakini ni uji wa ulezi, una maziwa. Haujaenda bure."

Shigela aligeuka tayari kugomba. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu, kavaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa kiunoni, na miguuni raba nyeusi zilizoisha soli. Macho yake yalikuwa mazuri na yamechoka kiasi kwamba Shigela alisahau hasira.

"Na mgonjwa wako sasa atakula nini?"

"Kilichobaki. Siwezi kurudi nyumbani, mapumziko yangu ya mchana ni mafupi."

"Lete chupa. Dada yangu anapikiwa na ukoo mzima wa mumewe, hataona hata pengo la mtori huu."

Ndivyo alivyomfahamu Dorcas, muuzaji wa vitenge katika duka la Mama Nirmala, Nyamagana. Dada mtu aliporuhusiwa kurudi nyumbani na mtoto wake, Shigela alikuwa ameshapata namba ya simu na amekwisha kabisa kwa mapenzi.

"Umekula, mpenzi?" alikuwa akimpigia na kumuuliza.

"Bado. Uko wapi, fundi wangu?"

"Mimi siyo fundi, ni mwenye duka."

"Basi mwenye duka, niletee bomba la kunitolea usingizi."

Walikuwa wakicheka, kisha Shigela husikia pumzi za mwenzake tu. Dorcas alikuwa amelala na simu sikioni. Jumapili moja walikwenda kula sato kando ya ziwa. Dorcas alivaa gauni jeupe na hereni ndefu, kapendeza mpaka wahudumu wakawa wanagombania meza yao, na kabla samaki hajageuzwa upande wa pili alikuwa amesinzia na tonge mkononi. Shigela alimtazama, akajua kwamba anampenda mwanamke huyo kwa moyo wote na kwamba hatampata akiwa macho.

"Dorcas, nani anaumwa pale hospitali?"

"Mtu wangu."

"Mtu wako nani?"

"Shigela, nimechoka. Siku nikipumzika nitakueleza."

Siku hiyo haikufika. Jumamosi waliyopanga kwenda Magu kumsalimia mama yake Shigela, Dorcas hakutokea. Alipokea simu jioni, sauti imekauka, akasema alikuwa hospitali. Shigela akaona basi, kama mlima hauji, atakwenda yeye. Alinunua machungwa, akapanda mlima mpaka geti la hospitali. Mlinzi, mzee mmoja aitwaye Machibya, akamzuia.

"Shikamoo mzee. Namfuata Dorcas."

"Marahaba. Muda umepita, kijana. Yeye tunamruhusu kwa kuwa ni mke."

"Mke wa nani?"

"Wa Maige, yule aliyepooza. Yule ni mke wa mfano, bwana! Asubuhi anamlisha kabla ya kwenda kazini, jioni anakuja kumwogesha. Wangu mimi hata maji ya kunywa najichotea."

Shigela alimwachia mzee machungwa. Alishuka ule mteremko kwa miguu, akijiona mjinga kuliko wanaume wote wa Mwanza. Dorcas alipompigia kesho yake asubuhi, alipokea kwa neno moja.

"Msalimie mumeo."

"Haya," Dorcas akasema, na simu ikakatika.

Hakuomba wala hakueleza. Shigela alichukulia kwamba huko ndiko kukiri. Wiki zikapita akiuza mabomba kwa uso uliokunjamana, wateja wakaanza kuogopa kuomba punguzo. Usiku alimlaani Dorcas, na kila saa sita mchana alitazama simu akitumaini itaita na kuonyesha jina la Dorcas.

Ikaita kweli, siku ya kazi, duka limejaa.

"Shigela, Maige amefariki."

"Pole kwa kufiwa na mume."

"Hakuwa mume wangu. Jina lake nililijulia kitandani kwake." Sauti ilikuwa ya mtu asiye na nguvu hata ya kulia. "Walimleta kutoka kisiwa cha Kome, kapooza, hana ndugu wa kumlisha. Chakula walikuwa wanakiweka mezani na kukiondoa vilevile, mkono haufiki. Mimi nilikuwa nimempelekea jirani yangu uji, nikamwona. Jirani akapona, akaondoka. Yeye akabaki ananiangalia."

"Kwa nini useme wewe ni mkewe?"

"Muda wa kuona wagonjwa mimi niko kazini, mchana napata dakika za kukimbia tu. Asubuhi sana na jioni hawaruhusu mgeni. Wanamruhusu mke."

Mteja aliweka koki juu ya meza akauliza bei. Shigela hakumsikia.

"Ungeniambia, Dorcas."

"Nilimwambia mwenzako aliyekutangulia. Akasema nichague, yeye au wagonjwa. Sikuwa na nguvu ya kuulizwa tena." Akavuta pumzi. "Sasa mimi ndiye mke, mwili nakabidhiwa mimi. Ndugu zake wamepatikana, wanakuja na boti alasiri hii, watashukia mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Nahitaji mwanamume wa kunisaidia kumbeba. Sina mwingine wa kumpigia."

Shigela aliwatoa wateja wote nje, akafunga duka.

Chumba cha maiti waliuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mdogo wake," Shigela akajibu.

Uongo ulimtoka bila kigugumizi, na hapo ndipo alipomwelewa Dorcas. Dorcas alikuwa amesimama pembeni, gauni lile la njano sasa likimpwaya, khanga nyeusi kiunoni. Walimpakia Maige kwenye pikapu ya kukodi, wakashuka naye hadi Kirumba.

Mwaloni kulikuwa kunanuka dagaa, wabebaji wakipigiana kelele. Boti ya Kome ilikuwa imeshatia nanga. Akashuka mwanamume mfupi mwenye koti kubwa, akajitambulisha kuwa ni Shimba, kaka wa marehemu.

"Tumeambiwa mke wake ndiye anatukabidhi," alisema. "Lakini mdogo wangu hakuoa."

Watu wa boti wakamtazama Dorcas vibaya. Shigela akasogea karibu yake, lakini Dorcas alikuwa ameshapiga magoti kwenye mchanga.

"Nilidanganya, kaka. Nilitaka waniruhusu kumlisha. Nisameheni."

Shimba alisimama akitafuna midomo.

"Sisi tulisikia yuko Sengerema. Tumemtafuta huko, tukakosa. Mama amekuwa akilia kwamba mwanawe amekufa kwa njaa."

"Alikula," Dorcas akasema. "Asubuhi na jioni, kila siku. Hakupenda sukari nyingi."

"Hakupenda," Shimba akaitikia, na hapo akalia kwa sauti mbele za watu wote. Alipoweza kusema tena, alimwinua Dorcas kwa mikono miwili akamwita shemeji, akamwomba aje Kome siku moja mama amwone.

Boti ilipoondoka na mwili wa Maige, Dorcas na Shigela walikaa juu ya kreti tupu za samaki.

"Nisamehe ile simu," Shigela akaanza. "Nilikuonea."

"Ulinionea sana."

"Sasa wewe ni mjane, na mimi huko juu hospitali nimejiandikisha mdogo wa marehemu. Mila za zamani unazijua zinasemaje."

Dorcas alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia begani kwake.

"Usinitanie leo, Shigela."

"Sitanii. Nataka nikuoe."

"Sitaacha. Wodi ya wanawake kuna bibi wa Ukara, hana mtu. Nimeshamwahidi."

"Sikuombi uache. Wala siombi muda wako uliobaki, najua haupo. Naomba asubuhi huyo bibi nimpelekee mimi uji, wewe ulale."

"Hujui kupika uji."

"Nitajifunza."

"Na dukani?"

"Wateja watakinga ndoo mpaka nifike."

Dorcas alijifuta uso kwa pindo la khanga. Alitazama ziwa, boti imeshakuwa ndogo.

"Nikikubali, usitegemee nifurahi leo. Sina hata nguvu ya kufurahi."

"Sina haraka."

"Basi nimekubali," alisema, akafumba macho. "Uji usiwe mzito, Shigela. Bibi hana meno."